Miaka Hamsini ya Wimbo Wenye Jina Langu

Jumatano, 3 Septemba

Kendra wa redio ameniachia daftari hili leo, jipya, bado lina harufu ya duka. Anataka niandike humu mpaka siku ya sherehe, kisha achague kurasa za kuchapa kwenye kijitabu watakachouza mlangoni. "Andika chochote, Bi Arlys. Unachokumbuka, unachojisikia." Nimemwambia mimi nimepikia watoto wa shule maisha yangu yote, sijawahi kuandika kitu kirefu kupita oda ya viazi. Akacheka. Ni binti mzuri. Na yeye nilimlisha.

Haya. Kwa watakaosoma kijitabu: mimi ndiye Arlys wa ule wimbo. Tarehe 15 Novemba itatimia miaka hamsini tangu bendi ya Korongo wa Shaba itoe albamu yake moja ya pekee, Maji ya Novemba. Ilipotoka hakuna aliyeinunua. Februari iliyofuata mwimbaji wao, Rory Teague, mume wangu wa mwaka mmoja na nusu, aliteleza na gari kwenye barafu ya barabara ya ziwani akiwa karibu kufika nyumbani, akafa. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Ndipo watu wakaanza kuinunua. Tangu hapo, kila mwaka wenye tarakimu nzuri unapofika, wanakuja mlangoni kwangu na kamera: wa kumi, wa ishirini, wa ishirini na tano. Mwaka wa thelathini walileta keki yenye sura yangu ya ujana, wakaniambia niikate. Nikajikata shingo.

Kendra alipogonga, Milo alivaa kofia akaenda gereji. Ndivyo afanyavyo wakija watu wa Rory. Milo Hruska ndiye mume wangu. Alikuwa na gari la kuvuta magari yaliyokwama, na ndiye aliyelitoa gari la Rory mtaroni asubuhi ile. Alikuja kunirudishia viatu na gitaa, akakuta nyumba imekuwa baridi kama jokofu. Mtambo wa joto ulikuwa umekufa na mimi sikuwa hata nimegundua. Akashuka chini, akautengeneza, akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi kuuangalia. Akawa anakuja kuuangalia mpaka mwaka wa tatu, tukaoana. Mji mzima wa Port Larkin ulikuwa na la kusema.

Hilo sidhani Kendra atalichapisha.

Jumapili, 14 Septemba

Upepo wa ziwani siku nzima. Milo anakohoa. Anasema ni vumbi la majani.

Jumatatu, 15 Septemba

Redio imeanza. Kila siku saa moja asubuhi watapiga "Arlys" mpaka siku ya tamasha. Nilikuwa namimina kahawa nikakimbia kuizima, nikajiunguza. Huwa nauzima wimbo ule kila Milo akiwepo. Nimefanya hivyo tangu tuoane, na hatujawahi kulizungumza. Nadhani ni heshima.

Alhamisi, 18 Septemba

"Shemeji!" alisema Lyle Osterman mlangoni, akafungua mikono kama yuko jukwaani.

Lyle ndiye aliyekuwa akipiga gitaa kwenye Korongo. Ana miaka sabini na minne, nywele bado anazipaka rangi, na ile suruali ya ngozi Mungu ndiye ajuaye anaiingiaje. Simpendi, na sijampenda siku nyingi. Rory alikufa, Lyle akala. Amezunguka mabaa na maonyesho ya kilimo ya nusu ya Ohio akipiga nyimbo zilezile, na katikati ya onyesho anasimulia kifo cha Rory kwa machozi yaleyale, palepale.

"Milo yuko wapi?"

"Gereji."

"Bado ananichukia?"

"Hakuchukii, Lyle. Hakufikirii."

Alicheka kwa sauti, lakini niliona imemwingia. Kisha alipopokea kikombe nikaona vidole vyake. Vimepinda kama tangawizi. "Daktari ananichoma sindano," akasema. "Novemba hii tu, shemeji, halafu gitaa naliweka chini." Alikaa hadi jua likazama. Milo hakuingia.

Jumatatu, 22 Septemba

Damu kwenye kitambaa. Milo alikuwa amekificha mfukoni mwa koti la kazi. Nimepiga simu hospitali.

Ijumaa, 26 Septemba

Daktari ni kijana, ana ndevu chache za kujaribia. Alituonyesha picha kwenye skrini. Pafu la kushoto, kisha ini. Alisema "imeshasambaa" kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Milo aliitazama picha ile kama alivyokuwa akitazama injini ya mtu mwingine. "Ingekuwa gari," akauliza, "wewe ungelitengeneza?"

Kijana alinitazama mimi.

"Basi," Milo akasema, akachukua kofia yake. "Tusimpotezee muda mtoto wa watu."

Tulikuwa peke yetu kwenye lifti wakati spika ya darini ilipoanza wimbo ule. Redio ya mji, mpaka kwenye lifti za hospitali. Nilitafuta kitufe cha kuzima, kumbe mle kuna vitufe vya ghorofa tu. Nikasimama pale, sauti ya Rory ikiniita jina langu, na Milo pembeni ameshika kofia kwa mikono miwili kama yuko kanisani. Mlango ulipofunguka chini akasema, "Kijana aliimba vizuri."

Maisha yetu yote hajawahi kusema hivyo.

Kendra, hizi kurasa si zako tena. Nitakununulia daftari jingine.

Jumamosi, 27 Septemba

Corinne, binti yetu, amekuja kutoka Columbus. Amelia jikoni huku amefungulia bomba la maji ili baba yake asisikie. Baba yake amesikia.

Jumatano, 1 Oktoba

Mvua. Milo amekataa dawa za kuchoma saratani. "Zitaniua polepole, na mimi sina subira." Wameleta mashine ya oksijeni, inapumua sebuleni kama mbwa mzee. Muuguzi atakuja Jumatatu na Alhamisi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Saa moja ilipofika nilinyoosha mkono kuzima redio.

"Acha," Milo akasema.

"Hakuna haja, mzee."

"Nimesema acha. Miaka yote unakurupuka kama paka. Unadhani wimbo utaniuma?"

"Nilidhani hupendi."

"Sijawahi kuusikia ukaisha, nitajuaje kama sipendi?"

Tukausikiliza. Ulipofika kwenye kiitikio Milo akawa anapiga vidole mezani, si kwa mapigo ya wimbo. Hajawahi kuwa na mapigo. Kwenye harusi ya Corinne alinikanyaga mpaka kidole kikawa cheusi. Hata hivyo sikuvumilia hadi mwisho. Nilijifanya naangalia mkate kwenye oveni. Hakukuwa na mkate.

Jumatano, 8 Oktoba

Lyle tena. Nilimfungulia nikiwa nimeshaandaa la kumwambia, kwamba sina nafasi ya mambo ya tamasha. Akanipita. "Leo sikukujia wewe, shemeji," akasema, akaingia sebuleni na pakiti ya karata.

Wanaume hawa wawili hawajawahi kukaa chumba kimoja kwa hiari yao. Nilikaa jikoni nikimenya viazi ambavyo sikuvihitaji, sikio langu likiwa huko.

"Umekuja kunililia?" hiyo ni sauti ya Milo.

"Nimekuja kukushinda karata. Nimesikia wewe ni mbovu."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu aliyewahi kukaa foleni gereji kwako."

Walicheza mpaka Milo akachoka. Alipotoka Lyle alisimama kwenye baraza akihangaika na zipu ya koti, vidole vilikataa. Nikamfungia kama mtoto.

Jumatatu, 13 Oktoba

Majani ya mbele yote yameanguka kwa usiku mmoja.

Kendra alikuja na ratiba. Ukumbi wote tiketi zimekwisha, kuna watu wanatoka mpaka Ubelgiji. Kabla ya "Arlys" taa zitazimwa, mimi nitapanda jukwaani na mshumaa. "Na mtangazaji atasema," alikuwa akisoma, macho kwenye karatasi, "mpokeeni mjane wa Rory Teague..."

"Mimi si mjane," nikasema. "Mume wangu yuko chumba cha pili na anakusikia."

Binti wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni. Kabla hajafungua mdomo ikaja sauti ya Milo kutoka sebuleni, nyembamba lakini inacheka:

"Mwambie asubiri kidogo tu!"

Kendra akaanza kulia. Milo akamwita, akamkalisha kwenye kiti cha Lyle, akamuuliza kama mama yake bado ana ile gari ya kijani.

"Ilikufa, Mzee Milo."

"Nilijua itakufa. Nimeivuta kila majira ya baridi. Mara moja wewe ulikuwa kiti cha nyuma umevaa mabawa ya malaika, mnaenda igizo la Krismasi. Ulinitapikia kwenye gari langu."

"Mungu wangu. Ulikuwa wewe?"

"Nani mwingine?"

Alipokuwa anaondoka aliipasua ile ratiba vipande viwili, akaniomba pipa la taka.

Jumatano, 15 Oktoba

Lyle. Karata. Milo kashinda, au Lyle kamwachia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Leo nimekasirika, na kukasirikia mgonjwa ni kazi ngumu.

Milo alikuwa kitandani anatazama ziwa kupitia dirisha. Akasema, kama mtu anayetaja bei ya petroli, "Mnizike kanisani kwa Mtakatifu Wenceslaus, karibu na baba. Wewe jiwe lako lipo tayari."

Ni kweli lipo. Rory alipokufa mama yake alinunua jiwe pana la watu wawili, makaburi ya juu kilimani. Kushoto RORY TEAGUE na tarehe zake. Kulia ARLYS, mwaka wangu wa kuzaliwa, kistari, na nafasi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Hakuna aliyeniuliza, nililiona siku linasimamishwa. Mashabiki hupiga picha pale. Upande wangu wanaacha maua na vile vidude vya kupigia gitaa. Mwaka wa arobaini bwana mmoja Mjerumani aliniuliza, kwa adabu sana, kama nina mpango.

"Milo," nikamwambia, "tumelala kitanda kimoja tangu nikiwa kijana, leo unadhani nitaenda kulala kwa mwingine?"

"Sidhani kitu. Wimbo ni wako na jiwe ni lako. Watu wanatoka Ubelgiji." Akavuta pumzi. "Arl, mimi siwezi kushindana na mtu wa miaka ishirini na mitano. Yule hakuwahi kukuachia soksi sakafuni."

"Aliacha! Aliacha kila mahali! Alikuwa anaacha soksi kwenye sinki!"

Milo alinigeukia. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka mashine ikalia na nikamshika mabega. Alipotulia akasema, "Kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Hukuwahi kuuliza. Ulikuwa gereji."

"Nikadhani mkiwa mnamzungumzia mnataka nafasi."

Na mimi nilikuwa nikizima redio. Tumeoneana adabu namna hiyo mpaka tumezeeka.

Basi nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamsimulia Rory, mara ya kwanza. Si yule wa magazeti. Nilimwambia Rory alikuwa mwoga wa nyuki. Alikuwa anasahau kulipa umeme, halafu anasema giza lina mapenzi. Alikuwa mpole na mchafu, na nilimpenda, na sijui kama tungedumu. Nilimwambia wimbo ule aliuandika wiki tuliyokutana, kabla sijampikia hata yai. Yule Arlys anayeitwa mle, msichana wa kusubiri na taa dirishani, mimi simjui. Mimi nikisubiri mtu nalala.

"Unakoroma," Milo akasema.

"Ndiyo, nakoroma."

Alishika mkono wangu mpaka akasinzia. Lakini la jiwe hakulijibu, na mimi sikulirudia.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua na upepo, ziwa rangi ya bati. Mikono ya Milo inatetemeka, hawezi kujinyoa. Lyle kamnyoa. Vidole vile vibovu, wembe, na shingo ya mume wangu. Sikuweza kutazama, nikaenda chumbani. Nilipotoka Milo alikuwa laini kama yai, na Lyle anakung'uta taulo.

Nikamwuliza mlangoni, "Unafanya haya kwa ajili gani?"

Alifikiri kidogo. "Shemeji, mimi nimechoka kuwa na miaka ishirini na minne. Kila ninakoingia nina miaka ishirini na minne na rafiki yangu kafa jana. Humu ndani nina sabini na minne, na ananitukana." Akavaa kofia. "Wiki ijayo nitaleta supu."

"Usilete supu yako."

"Basi nitaleta mdomo."

Nimekaa na maneno yale jioni nzima. Nilidhani amekuwa akila kifo cha Rory. Labda na kifo kilikuwa kinamla yeye.

Ijumaa, 31 Oktoba

Watoto wa mtaa wamevaa vinyago, wanapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende kama kila mwaka. Milo alitaka kugawa peremende mwenyewe, tukamsogeza na mashine yake hadi mlangoni, blanketi mpaka kidevuni. Mtoto mmoja alimuuliza amevaa kama nani. "Kama babu yako," Milo akasema. Mtoto akakubali, akachukua peremende mbili.

Jumapili, 2 Novemba

Milo hali chakula. Corinne amerudi.

Jumatatu, 3 Novemba

Muuguzi anasema tusimwache peke yake.

Jumatano, 5 Novemba

Milo amefariki leo asubuhi.

Redio ilikuwa imewashwa kwa sauti ya chini kwa sababu alitaka hivyo. Wimbo ulipigwa, ukaisha, wakaanza habari za hali ya hewa. Corinne alikuwa amemshika miguu chini ya blanketi. Mimi nilikuwa namlowesha midomo. Alivuta pumzi, nikangoja inayofuata. Mashine ikaendelea kupumua. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni yenyewe tu.

Lyle alifika mchana na karata zake, kwa kuwa ni Jumatano. Corinne alimwambia mlangoni. Hakulia yale machozi yake ninayoyajua. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, kwenye baridi, akainamisha kichwa kati ya magoti, na mgongo wake ukawa unatikisika bila sauti. Nilimpelekea koti.

Ijumaa, 7 Novemba

Gazeti limeandika: MUME WA ARLYS WA WIMBO MAARUFU AFARIKI. Chini yake mistari sita, mitano inahusu albamu. Na picha ni yangu na Rory, mwaka sabini na tano, tumekaa juu ya boneti ya gari.

Katika habari ya kifo cha mume wangu wameweka picha yangu na mwanamume mwingine.

Nimelichana. Kisha nimeokota vipande, kwa sababu jina lake lilikuwemo.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa moja asubuhi redio haikupiga wimbo. Kendra mwenyewe alisoma hewani: Milan Hruska, miaka sabini na saba, fundi na mwenye gari la kuvuta magari, mume wa Arlys, baba wa Corinne, ibada saa nne, Mtakatifu Wenceslaus. Halafu wakaweka matangazo ya magodoro.

Walikuja watu wachache, wengi wazee, wengi wakitembea kwa mikongojo. Ukumbi wa chini ya kanisa ulikuwa na kahawa, nyama ya nguruwe na kabichi, na sahani zilizobaki nyingi. Tulimweka karibu na baba yake. Ardhi ilikuwa bado haijaganda, mchimbaji akasema tuna bahati.

Kutoka pale unaona kilima cha makaburi yale mengine. Kulikuwa na watu juu, wageni wa tamasha waliofika mapema, wanapiga picha kwenye jiwe lenye jina langu. Mmoja alikuwa na gitaa. Tulimshusha Milo huku upepo ukituletea vipande vya "Arlys".

Jumanne, 11 Novemba

Nimefua kofia yake. Sijui kwa nini nimeifua.

Alhamisi, 13 Novemba

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya chakula cha mchana. Hoteli zimejaa. Dukani mwanamke nisiyemjua alinikumbatia akasema, "Pole kwa msiba." Nikamshukuru. Akasema, "Hamsini! Siamini kwamba ameondoka miaka hamsini!" Niliacha kikapu palepale nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 14 Novemba

Lyle kaja. Hakusema shemeji. "Arlys, sikuombi uje kesho."

"Sitakuja."

"Nimekuja kuuliza jambo moja. Nipige ule wimbo au nisipige?"

Nilimwambia watu wamelipa. Nilimwambia Milo aliutaka mpaka asubuhi ya mwisho, na kama yeye aliweza, mimi ni nani. "Ila mambo ya mtaro na barafu, Lyle, usiwasimulie."

"Siwasimulii tena," akasema.

Jumamosi, 15 Novemba

Tamasha lilianza saa kumi jioni, kwa sababu mashabiki wa Korongo sasa hawaendeshi gizani. Redio ilikuwa inalirusha. Corinne alitaka kuizima. Nikamwambia acha.

Walipiga albamu yote kwa mpangilio. Vijana wa mjini walishika ngoma na besi, Lyle gitaa. Nilimsikia akikosea, pale ambapo zamani alikuwa anapanda haraka, alipanda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Watu walishangilia hata hivyo. Ilipofika zamu ya "Arlys" makelele yakawa mengi, wakaanza kuliita jina langu, ukumbi mzima, kwa makofi. Nilishika ukingo wa meza.

Lyle akangoja mpaka wakatulia.

"Hapa ndipo huwa nawasimulia Rory alivyokufa," akasema. "Nimeisimulia mpaka nimeanza kuitunga. Leo hapana. Jumamosi iliyopita tumemzika mtu wa mji huu anaitwa Milo Hruska. Wengi wenu kutoka mbali hamumjui. Wa hapa mnamjua, ila nadhani mlikuwa na kazi siku ya mazishi." Nikasikia kipaza sauti kikikwaruza. "Milo alivuta magari. Nina ombi moja. Kama umewahi kukwama kwenye theluji, au mtaroni, au umekaa kando ya barabara na watoto nyuma, na aliyekuja akawa Milo, simama."

Redio haina macho. Lakini ukumbi ule nimesafisha jiko lake, naujua. Viti vyake ni vile vinavyojikunja, mtu akiinuka vinapiga kofi. Nilisikia kimoja. Kisha viwili, mbali. Kisha upande wa kulia wote, na juu rosheni, kofi, kofi, kofi, kama mvua inapoanza kwenye bati, haikomi, na Corinne amejiziba mdomo. Sauti ya mwanamke karibu na kipaza sauti ikasema, "Na mama yangu pia, na mama yangu." Nadhani ilikuwa Kendra.

Hawakupiga kelele. Ilikuwa viti tu.

"Msikae," Lyle akasema, akaanza wimbo.

Nilimkasirikia kidogo. Walikuwa wapi wiki iliyopita, sahani zikibaki? Ningewapa kabichi. Lakini nililia, na nilisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mjane wa Rory niliusikiliza kweli mpaka mwisho. Mwisho wake ni mfupi. Gitaa linashuka, halafu hakuna kitu.

Jumapili, 16 Novemba

Nimelala mpaka mchana.

Ijumaa, 21 Novemba

Wageni wote wameondoka. Saa moja asubuhi redio ilipiga wimbo wa watu wengine.

Jumanne, 25 Novemba

Theluji imeshika. Leo ni miaka arobaini na saba tangu nilipoolewa na Milo Hruska, ilikuwa Jumamosi ya baada ya sikukuu ya Shukrani, tukila bata mzinga wa juzi yake kwa sababu hatukuwa na uwezo wa nyama nyingine. Hakuna aliyegonga mlango wala kuleta keki. Siku hii tulikuwa wawili tuliokuwa tunaijua, na mmoja wetu alikuwa anaisahau.

Niliendesha polepole mpaka kwa Kucera, mchonga mawe. Alinionyesha mchoro wa jiwe la Milo. Ni mtu wa maneno machache, alihangaika na kalamu kabla ya kuuliza.

"Bi Hruska, na jina lako tuliweke, au... Maana najua kuna lile jingine."

"Liweke."

"Lile la juu naweza kulisugua likatoka. Nitahitaji ruhusa ya ukoo wa Teague, lakini linatoka."

Nilifikiri juu ya msichana yule wa dirishani mwenye taa, na watu wanaotoka Ubelgiji, na Rory peke yake kilimani na nafasi tupu ubavuni. Alikuwa mwoga wa nyuki.

"Liache," nikasema. "Yule naye ana watu wake. Ila mimi nalala kule chini, kwa Milo."

Akaandika: ARLYS HRUSKA, mwaka wangu, kistari. Safari hii nilisimama mwenyewe nikatazama kila herufi.

"Na hapa katikati ya majina?" akauliza. "Watu huweka msalaba, au ua, au maneno."

"Weka tarehe. Ishirini na tano Novemba, elfu moja mia tisa sabini na nane."

Aliiandika, akainua uso. "Ni tarehe ya nini?"

Nikavua glavu, nikavuta kiti, nikamsimulia.